Kumwigiza Njinga kwenye video mkiwa Dodoma: wekeni nguvu kwenye kikao, siyo vitani

Kundi la maigizo likiamua kushuti maisha ya malkia wa zamani, kitu cha kwanza kuandikwa kwenye skripti huwa ni vita, na pesa yote huishia hapo. Watu 12 wenye mikuki kwenye uwanda wa Ugogo wanaonekana vilevile walivyo: watu 12 wanaokimbizana. Njinga wa Ndongo na Matamba, nchi ambazo leo ziko Angola, alitawala kuanzia 1624 hadi kifo chake Desemba 1663. Vita alipigana, tena vingi, lakini sehemu kubwa ya utawala wake ilikuwa maneno: kutuma wajumbe, kusubiri majibu, kubishana juu ya mateka na mipaka. Kikao cha watu 12 kinaonekana ni kikao kweli.

Ukurasa mmoja wa skripti ni kama dakika moja ya video. Kwa filamu ya dakika 15, msijaribu kubeba miaka 39. Chukueni siku mbili tu: Luanda, mji wa Wareno huko Angola, mwaka 1622, na kurudi kwa dada yake kutoka mikononi mwa Wareno mwaka 1656.

Luanda ipewe dakika sita. Njinga alikwenda kama mjumbe wa kaka yake, Ngola Mbande, kuzungumza na gavana wa Kireno João Correia de Sousa. Simulizi maarufu inasema gavana alikuwa na kiti, Njinga akatandikiwa mkeka chini. Njinga akamwita mtu wake, mtu huyo akainama kwa mikono na magoti, naye Njinga akaketi mgongoni. Padri Cavazzi, mmisionari Mwitaliano aliyeliandika tukio hilo na kulichora, alifika Angola mwaka 1654, kwa hiyo hakuliona kwa macho yake. Itumieni, kwani hakuna sini nyingine inayoeleza kwa haraka hivyo mtu anayekataa kudogoshwa, ila msiandike mwanzoni kwamba kila kitu ni ushahidi.

Kosa la kawaida hapa ni mwigizaji kukaa kweli juu ya mgongo wa mwenzake. Mkirudia mara ya tatu mikono ya aliyeinama inatetemeka, na mtazamaji anamwangalia yeye. Pimeni kimo kutoka chini hadi mgongoni mwake akiwa ameinama, kisha tafuteni kigoda kilichopungua kimo hicho kwa sentimita mbili hivi. Kiwekeni nyuma ya mbavu zake upande usioonekana, kifunikwe na nguo ya Njinga, uzito wote uende kwenye kigoda. Magotini mwekeeni sponji iliyokunjwa mara mbili. Kamera iwe mbele, na kabla Njinga hajaketi imwangalie kutoka juu, usawa wa macho ya gavana, mkeka uonekane mdogo. Akishaketi, ishukeni hadi usawa wa macho yake na ibaki hapo hadi mwisho. Asiseme neno mpaka ametulia. Hesabuni hadi tano.

Wekeni mkalimani. Wakati anatafsiri, Njinga ana sekunde kadhaa za kusikiliza na kufikiri, na uso unaofikiri ndio utawala. Kama hakuna wa kuigiza Mreno, mshutini gavana kwa nyuma: mkono kwenye kiti, kola nyeupe iliyokazwa kwa uji wa wanga, sauti.

Umri unaharibiwa karibu kila mara. Njinga alizaliwa karibu na mwaka 1583, kwa hiyo Luanda alikuwa mama wa miaka kama 40, na mwaka 1656 alishapita 70. Msimpe binti wa miaka 20. Wala msimzeeshe kwa unga kichwani: kwenye ukavu wa Dodoma unga unapukutika mabegani, na kwa jasho unakuwa uji. Tafuteni waigizaji wawili, mama na bibi, kisha wapeni tabia moja ya pamoja, kwa mfano namna ya kulaza mkono juu ya goti. Mtazamaji ataunganisha mwenyewe.

Kwenye mazungumzo, neno "malkia" litumieni kwa uchache. Masikioni mwa wengi ni mke wa mfalme, na Njinga hakutawala kwa sababu ya mume. Ngola ni cheo cha mtawala mwenyewe. Watu wake wamwite hivyo. Mtazamaji wa Ugogo, anayejua mtemi ni nani, hatahitaji maelezo.

Siku ya pili ni ngumu zaidi, na ndiyo inayokimbiwa. Kambu, dada yake, alitekwa na Wareno mwaka 1646 na akarudi baada ya miaka kumi, mkataba wa amani na Wareno ulipopatikana. Sehemu ya fidia yake ililipwa kwa watumwa. Njinga aliyewakataa Wareno alikuwa pia anauza mateka. Onyesheni. Msimamo mmoja wa kamera unatosha: dada wawili wanakumbatiana mbele, na nyuma yao mstari wa watumwa wanaopelekwa kwa Wareno. Mkiukata mstari huo mtabaki na sanamu ya kumbukumbu, mwanadamu atakuwa hayupo.

Mandhari mnayo. Mibuyu iko Angola kama ilivyo hapa, majabali yetu yanakaribiana na yale ya Pungo Andongo huko Angola, na ukingo wa bwawa la Hombolo unaweza kusimama kama mto wa Angola uitwao Kwanza, ambako Njinga alikaa visiwani. Kinachosaliti ni mimea ya kigeni: mwarobaini, mkaratusi, katani. Zungukeni lokesheni siku moja kabla mkiangalia hiyo na nguzo za umeme. Kitenge na kanga hazikuwepo karne hiyo. Nunueni amerikani mita 3 kwa mtu, chemsheni kwa saa moja kwenye maji ya chai, gramu 100 za majani kwa lita 10. Magunia yaliyofuliwa yatafaa badala ya nguo za nyuzi za mwale, mti jamii ya mchikichi.

Shutini kuanzia saa 12:30 asubuhi hadi saa 3, kisha saa 10 hadi jua linapozama. Mchana macho yanakuwa mashimo meusi. Ndani ya chumba chenye taa za umeme, wekeni fremu 25 kwa sekunde na shata 1/50 ya sekunde, taa zisicheze, na fungeni mwanga na rangi ya simu zisibadilike zenyewe. Kibali cha Bodi ya Filamu kiombwe mapema.

Upepo wa Agosti hadi Oktoba ndio adui wa sauti. Maiki ya kubana nguoni ivishwe manyoya na ikae chini ya kitambaa kifuani. Kila mkimaliza sini, wote wanyamaze bila kusogea na mrekodi sekunde 30 za ukimya wa mahali hapo. Bila hizo, kila mlipokata wakati wa kuhariri, upepo utasikika ukizimika na kuwaka.