Gari likizima kwa joto, usilipime likiwa limepoa

Oktoba ya Dodoma, mvua bado iko mbali, saa nane mchana hata upepo unakuja umechemka. Ndizo saa ambazo gari langu, kagari kadogo ka mtumba kutoka Japani, lilichagua kunifanyia vituko. Naondoka Nzuguni vizuri, nikiipita Mbande naelekea Kibaigwa, linazima. Halikohoi wala halivutivuti. Linazima kama mtu kazungusha funguo. Napiga stata, inazunguka kwa nguvu zote, injini haishiki. Nakaa chini ya mbuyu dakika arobaini, nikirudi linawaka kama halikufanya kitu.

Gereji nikawa nafika limeshapoa. Fundi akipiga stata, linawaka. Taa ya injini kwenye dashibodi haijawaka, na akichomeka mashine haoni namba yoyote ya kosa. "Bosi, hii pampu ya mafuta tu." Tukabadilisha pampu. Wiki iliyofuata zikafuata plagi zote nne. Simlaumu sana, alikuwa anampima mgonjwa aliyekwisha pona, ila hela zilikuwa zangu.

Aliyenifungua macho ni dereva wa lori la mahindi, mtu mzima, alisimama nilipokwama mara ya tatu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ukipiga stata, mshale wa mizunguko ya injini pale kwenye dashibodi unatikisika?"

Sikuwahi kuuangalia. Nikapiga. Mshale umelala kwenye sifuri, hata kutetemeka hakuna.

"Injini inazunguka, kontroli boksi, ile kompyuta yake, haina habari. Hiyo sensa ya krenki, kijana."

Akalowesha kitambaa, akaingiza mkono kwa chini karibu na puli ya krenki, ule mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, akakikandamiza pale. Baada ya dakika tano hivi gari likawaka.

Sensa yenyewe ni kidude kama kidole gumba: sumaku, na waya mwembamba kama unywele uliozungushwa mara nyingi. Mbele yake linapita gurudumu la meno lililofungwa kwenye krenki. Kila jino likipita, umeme kidogo unazalishwa, na kontroli boksi inayahesabu meno hayo ili ijue lini ipige cheche na lini imwage mafuta. Sensa ikinyamaza, vyote viwili vinakatika kwa mpigo. Ule waya ukiwa na ufa, ukipata moto unatanuka na kuachana. Ukipoa unagusana tena. Pampu inayokufa kwa kawaida hukuaga: gari linapoteza nguvu na kushtuka-shtuka kabla ya kuzima. Kuhusu mshale, kuna magari ambayo haunyanyuki wakati wa stata hata yakiwa salama, kwa hiyo uangalie wako leo kabla hujapata shida.

Nilipofika nyumbani niliichomoa ile sensa nikaipima mwenyewe kwa mita ya umeme. Ya kwangu ni ya waya mbili; ya waya tatu mara nyingi hutumia teknolojia nyingine na haipimwi hivi. Ikiwa imepoa ilisoma ukinzani wa kama omu 1,200. Nikaifunga kwenye mfuko wa plastiki, nikaitumbukiza kwenye kikombe cha maji ya moto ya chupa ya chai, waya za mita zikiwa nje. Namba zikapanda polepole, zikaanza kurukaruka, kisha mita ikaonyesha waya umekatika. Nilicheka peke yangu jikoni.

Kama unaweza kulifikisha gari kwa fundi likiwa bado limegoma, hata kwa kuvutwa kwa kamba, fanya hivyo. Mashine ikitoa namba ya kosa P0335, inazungumzia sensa hii au nyaya zake, kwa hiyo soketi na nyaya zikaguliwe kabla hujanunua kitu. Dukani nenda na ile ya zamani mkononi. Linganisha namba iliyochapwa, urefu na umbo la soketi.

Kufunga ni kazi ya nusu saa. Subiri injini ipoe, toa waya wa hasi wa betri, weka stendi, usiamini jeki peke yake. Kabla ya kuchomoa, piga brashi kuzunguka sensa, maana vumbi letu likidondokea tundu lile linaingia kwenye injini. Boliti ni moja, spana namba 10. Sensa ikigoma, izungushe kushoto kulia kwa mkono. Bisibisi itaivunja na kipande kibaki ndani. Ringi ya mpira ya sensa mpya ipake oili, boliti ikaze kwa kiasi, na waya uurudishe kwenye vishikizo vyake, mbali na mkanda na ekzosi.

Jumapili yake niliondoka saa nane ileile mpaka Gairo na kurudi, bila kusimama. Pampu ya zamani niliidai gereji. Nilipoiunganisha na betri kwa sekunde moja tu, ilinguruma vizuri kabisa. Iko stoo.