Swali la Mkeo Bado Halijajibiwa

"Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwanamume mwenye umri wa miaka 46, baba wa watoto watatu wenye miaka 16, 14 na 9. Nimekuwa mtunza hesabu katika ofisi moja kwa miaka 19. Mwaka jana kijana niliyemfundisha kazi mwenyewe alipandishwa cheo akawa mkuu wangu, na tangu hapo nimedharauliwa kwa namna nyingi. Binti yetu mkubwa ataingia chuo kikuu baada ya miaka 2 na mshahara wangu hautatosha. Rafiki yangu amenipatia nafasi ya uwakala wa bima, kazi ya kamisheni ambayo humlipa yeye mara tatu ya ninachopata. Nina orodha ya watu 60 walioahidi kukata bima kwangu, na nimepanga kutoa sehemu ya akiba yangu ya uzeeni ninunue gari la kazi. Mke wangu, ambaye ana cherehani zake na wateja wachache, amekataa. Alipekua mkoba wangu akaikuta fomu ya kutolea akiba, akaniuliza tu, 'Na mwezi ukiwa mbaya kwetu sote wawili?' kisha akaendelea kushona. Nimechoka kuishi na mtu asiye na maono. Nifanyeje ili anielewe?"

Marahaba, mwanangu. Kupitwa cheo na mtu uliyemshika mkono ni jambo linalouma, na sitakuambia kwamba halikupaswa kukuuma. Lakini barua yako, ambayo nimeifupisha hapo juu, ilikuwa ya kurasa 4, na baada ya kuisoma mara mbili nimeona kwamba mkuu wako mpya amejaza kurasa 2 na nusu, ilhali karo ya watoto wako imepata sentensi moja. Mtu anayekoseshwa usingizi na karo huandika habari za karo. Angenieleza binti anataka kusomea nini, kama masomo hayo huchukua miaka 3 au 6, kama atakaa bweni au atakuwa akitoka nyumbani, na ni kiasi gani kimekwisha kuwekwa kando. Wewe hukuandika hata moja kati ya hayo. Kwa hiyo nathubutu kusema kwamba unataka kuondoka katika ofisi ile kwa sababu umeumizwa, na umewatanguliza watoto mbele ya uchungu wako ili asiwepo wa kukupinga. Nadhani mkeo aliliona hilo kabla yangu.

Naye mkeo nasimama upande wake waziwazi. Umemtaja kana kwamba ushonaji ni shughuli ya kupitishia wakati, ilhali katika nyumba yenu yeye ndiye mtu pekee anayeyajua maisha unayotaka kuyaingia. Ni miaka mingapi sasa anaamka asubuhi bila kujua ataingiza nini hadi jioni? Yeye ndiye anayejua kwamba mteja aliyeahidi kuja Jumatatu huja Alhamisi akiwa na nusu ya fedha, kwamba ipo miezi ya neema inayomdanganya mtu kuwa itadumu, na ipo miezi ya ukame ambayo cherehani hufunikwa kitambaa tangu mchana. Jiulize miezi hiyo ya ukame ilipitaje bila watoto kurudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Ilipita kwa sababu mwisho wa mwezi mshahara wako uliingia. Biashara yake imeweza kuyumba bila kuanguka kwa kuwa imeegemea ajira yako, na sasa unapotaka kuuondoa ukuta huo, amekuuliza nyumba itaegemea wapi. Swali lile mtunza hesabu wa miaka 19 alipaswa kulijibu kwa kalamu na karatasi, lakini wewe ulilichukua kuwa tusi, ukaja kwangu kuniuliza namna ya kumfanya akuelewe. Amekuelewa vizuri sana. Aliyebaki kuelewa ni wewe.

Unalalamika kwamba alipekua mkoba wako. Ningekuwa na la kumwambia kama ndani yake mngekuwa na jambo linalokuhusu wewe peke yako, lakini akiba ya uzeeni ni ya uzee wenu wawili, na fomu ile ilifichwa kwanza ndipo ikapekuliwa. Siku hizi wenye ndoa wamezoea kusema kwamba wanataka "kuungwa mkono", na wengi wanaolitumia neno hilo wanakusudia kwamba mwenzi asikilize uamuzi uliokwisha kufanywa, anyamaze, kisha apige makofi. Wanawake hulisema, na wanaume hulisema vilevile. Mwenzi anayekuuliza swali gumu kabla hujatia saini amekuunga mkono kuliko rafiki anayekusifu, kwa maana rafiki atarudi kwake jioni, naye mwenzi atabaki kula matokeo pamoja nawe.

Tuhesabu basi, kwa kuwa hukuhesabu. Tuseme kila mtoto ataingia chuoni akiwa na miaka 18 na kusoma shahada ya miaka 4. Binti yako ataanza baada ya miaka 2, wa pili ataanza baada ya miaka 4, na kwa miaka 2 mizima watakuwa chuoni pamoja, wewe ukiwa na umri wa miaka 50 hadi 52. Mdogo wao ataanza ukiwa na miaka 55 na kumaliza ukiwa na 59. Hiyo ni safari ya miaka 13, na wewe unataka kuianza kwa kula akiba ya mwisho wa safari. Fedha hizo zikiachwa zikakua kwa asilimia 6 kwa mwaka, zitakuwa maradufu baada ya miaka 12, yaani karibu kabisa na siku ambayo mtoto wako wa mwisho atavaa joho. Gari utakalolinunua kwa fedha hizo litakuwa limepoteza sehemu kubwa ya thamani yake kabla binti hajamaliza masomo. Tena baadhi ya mipango ya pensheni humkata kodi au adhabu anayetoa kabla ya wakati, nawe hukuniambia kama ulilisoma hilo katika fomu.

Hao watu 60 nao ni akina nani? Nadhani ni ndugu, majirani, na wafanyakazi wa ofisi ile ile unayoikimbia. Mtu anayekata bima kwa kukuonea haya huacha kulipa baada ya miezi michache, na kampuni nyingi za bima humtaka wakala arudishe kamisheni aliyopewa mteja anapoacha kulipa mapema. Jamaa wakiisha ndipo kazi yenyewe inapoanza, na swali la kujiuliza ni mtu wa 61 atatoka wapi. Rafiki yako anapata mara tatu ya mshahara wako. Mimi ningependa kujua ameifanya kazi hiyo kwa miaka mingapi na mwaka wake wa kwanza alilipwaje, maana mwaka wako wa kwanza na wa pili ndiyo miaka hiyo hiyo 2 iliyobaki kabla ya binti kuingia chuoni.

Sisemi ubaki kwenye kiti hicho mpaka ustaafu. Ikiwa mshahara hautoshi kweli, kubadili kazi ni wajibu wa mzazi, na umri wa miaka 46 haujapita. Wahenga waliposema usiache mbachao kwa msala upitao hawakumkataza mtu kutafuta msala. Walimkataza kutupa mkeka wa zamani kabla mpya haujatandikwa. Usomee leseni ya uwakala ukiwa bado kazini, uangalie kama mkataba wako unakuruhusu kufanya kazi ya pili, kisha uuze bima jioni na Jumamosi kwa mwaka mmoja, ukianza na watu usiowajua kabla ya wale 60. Ukiona kwamba kwa muda huo kamisheni imekaribia mshahara, mkeo mwenyewe atakusaidia kuandika barua ya kuacha kazi.

Kuna jambo jingine ambalo limenishangaza zaidi ya yote. Ujuzi wa miaka 19 umeuruka kana kwamba haupo. Wafanyabiashara wadogo wasioweza kumwajiri mtunza hesabu wa kudumu wako kila mahali. Wanachanganya fedha za mauzo na za matumizi, hawajui faida yao, wanashtukizwa na kodi, nao wangekulipa kwa saa chache kwa mwezi bila wewe kuhitaji gari. Mmoja wao unaishi naye. Umewahi kukaa na mkeo ukamtunzia daftari la cherehani zake? Huenda ukagundua kwamba cherehani moja zaidi na msaidizi mmoja vingeleta fedha ya karo mapema kuliko gari. Binti naye ashirikishwe sasa, kwa sababu maombi ya ufadhili wa masomo mara nyingi hufungwa miezi mingi kabla ya chuo kufunguliwa, na miaka 2 inatosha kutafuta vizuri ikiwa inaanza kuhesabiwa leo.

Kuhusu dharau za ofisini, nitakuambia jambo moja kutoka kwangu. Nilipokuwa na miaka 38 niliandika barua ya kuacha kazi nikiwa na hasira, nikampa marehemu mume wangu anipitishie kwa mwajiri. Aliiweka kabatini akaniambia nikiitaka baada ya siku 10 atanirudishia. Nilimnunia siku 4. Siku ya kumi sikuiomba, na niliacha kazi hiyo miaka 3 baadaye, nikiwa nimekwisha kupata nyingine na moyo wangu umetulia.

Kwa hiyo fomu ile mkabidhi mkeo aiweke. Usiku wa leo keti karibu na cherehani yake, umwombe akutajie miezi 3 iliyokuwa mibaya kuliko yote tangu aanze kushona, na uandike alichoingiza katika kila mmoja. Kando yake andika miezi 3 ya kwanza ya kamisheni, ukijihesabia kwamba hujauza kitu. Chini andika kodi ya nyumba, chakula, karo za shule zinazolipwa sasa na dawa za mtoto akiugua. Ukimaliza kujumlisha, usimsomee wewe; mpe karatasi aisome mwenyewe.