Barua kwa mwanangu: kuhusu pikapu zako mbili

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma, nikairudia. Unauliza kati ya pikapu mbili ulizoziona, ile dabo kabini ya dizeli na ile ya petroli yenye kabini moja, ipi ina nguvu zaidi, maana siku za kazi utaendea kazini na mwisho wa wiki utaifungia tela. Zote zimeshatumika, umri wake unakaribiana, na moyo wako naona umeshaangukia dizeli.

Mimi nitaanza na breki. Nimelisema miaka yote na nitalisema tena: kuvuta si kazi, kazi ni kusimamisha. Injini yoyote nzima italing'oa tela pale lilipo. Swali ni nani atalizuia.

Lile kabati la bibi yako unalijua, lenye kioo kilichopasuka pembeni. Hujawahi kuuliza kilipasukaje. Siku tulipohama, mjomba wako alikuja na pikapu yake nyeupe, ya petroli, nyuma kafunga tela la kuazima lisilo na breki zake lenyewe. Tukapakia vitanda, cherehani yangu, kabati, na juu yake magunia ambayo jirani aliomba tumfikishie. Wewe ulilala mapajani mwangu. Mlima tuliupanda bila shida, mjomba wako akiisifia injini njia nzima. Kwenye mteremko ndipo nilipoanza kusikia harufu ya kitu kinachoungua. Nikatazama mguu wake. Pedali ya breki ilikuwa inazama, taratibu, mpaka ikagusa zulia, na gari halipunguzi mwendo. Akaipampu, ikarudi nusu, ikazama tena. Hakusema neno. Akashusha gia hadi namba mbili, injini ikapiga kelele ambayo mpaka leo naisikia, kisha namba moja, huku akivuta hendibreki kidogo kidogo. Tela linatusukuma, nalihisi mgongoni. Tulikuja kusimama barabara ilipoanza kupanda tena, tela likagonga ukingo, na kioo kikapasuka. Wewe hukuamka.

Kesho yake fundi alifungua kopo la mafuta ya breki, yalikuwa meusi. Mafuta yale hunyonya unyevu kadiri yanavyokaa. Breki zikipata moto sana yanachemka na kutoa mvuke, na mvuke unabanika: unakanyaga, nguvu inaishia kwenye mvuke, haifiki kwenye magurudumu. Wengine hutengeneza gari zima na kuyasahau mafuta hayo.

Kinachoniuma hadi leo ni kwamba jioni ile kila mtu aliisifia injini. Eti ndiyo iliyotuokoa. Nilikasirika, kwa sababu ni injini hiyo hiyo iliyotupandisha kule juu na mzigo ambao breki hazikuuweza. Lakini haya, wana neno. Petroli ukiachia mafuta, mlango wa hewa hufungwa, injini inahangaika kuvuta pumzi, na huko kuhangaika ndiko kunakolishika gari. Dizeli kwa kawaida haina kizuizi hicho, kwa hiyo isipowekewa breki ya moshi, ile inayobana njia ya moshi wa injini, huliachia gari zaidi. Basi niseme petroli? Hapana, maana dizeli inavuta ikiwa na mizunguko michache, inapanda na mzigo bila kulialia, na inakula mafuta kidogo. Halafu tena, kazini kwako ni karibu. Dizeli za miaka ya karibuni zina kichujio cha masizi ambacho hujisafisha kwa moto wa moshi wakati wa safari ndefu. Safari fupi fupi za kila siku huzibisha kichujio hicho, na kukibadilisha ni gharama kubwa. Unaona? Nikishika huku, kule kunaponyoka.

Kwa hiyo nenda kwenye uzito. Mara nyingi kwenye fremu ya mlango wa dereva kuna kibati chenye uzito wa juu unaoruhusiwa. Usisome namba ya kuvuta peke yake, hiyo ndiyo wauzaji wanapenda kuitaja. Tela likipakiwa vizuri, asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake hukaa juu ya ndoano ya gari. Tela la kilo 1,500 linakupa kilo 150 hadi 225 pale nyuma, na hizo zinahesabiwa kama mzigo wa pikapu, pamoja na wewe, abiria wako na vifaa vyako. Dabo kabini bodi yake ni nzito, hivyo mara nyingi hubakiwa na nafasi ndogo ya mzigo kuliko mwenzake wa kabini moja. Wala usikwepe kwa kurundika mzigo nyuma ya tela ili ndoano iwe nyepesi. Tela la namna hiyo huanza kuyumba kwenye mwendo, na kuyumba kukianza huburuta na gari.

Ukienda kuziangalia, lala chini. Gonga chesisi kwa nyundo ndogo, hasa karibu na springi za nyuma. Rangi nyeusi mpya chini ya gari la zamani siipendi hata kidogo, huenda inaficha kutu. Na ndoano ikiwa imelika huku mwenye gari anaapa halijawahi kuvuta kitu, muulize tena, kisha nusa mafuta ya giaboksi kama yameungua. Ya kwenye boneti utayaona mwenyewe.

Sitakuchagulia, ingawa mkono unaniwasha. Mwendeshaji ni wewe, na mjomba wako angekujibu tofauti na mimi. Kaziangalie asubuhi, injini zikiwa baridi. Uniandikie namba za vibati vyote viwili na uzito wa tela likiwa na mzigo, nitazipiga hesabu mwenyewe. Na lolote utakalonunua, kwanza uliza kama hilo tela lina breki zake. Kama halina, ziwekwe kabla hujalifunga.

Mama yako