Kabla hujalipia kiwanja, soma rejista

Wengi wanaoniomba ushauri wa viwanja hunitumia picha ya hati kwenye WhatsApp na swali moja: "Kaka, hii ni halali?" Picha haiwezi kujibu swali hilo, na mimi siwezi kulijibu kwa kuitazama. Hati inaonyesha kilichoandikwa kwa Msajili wa Hati siku ilipotolewa. Yaliyotokea baada ya hapo, kama rehani, zuio au amri ya mahakama, yako kwenye rejista. Kwa hiyo huwajibu hivi: nitumie namba ya hati, namba ya kiwanja, kitalu na eneo, halafu tukaulize kwa mwenye kumbukumbu.

Nilikuwa karani wa ofisi ya wakili hapa Dar es Salaam kwa miaka, na sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kupeleka maombi ya upekuzi, yaani kuomba rejista ya kiwanja isomwe, ofisi za ardhi na kurudi na majibu. Mpaka leo ndugu na majirani wananiita wanapotaka kununua. Naandika haya kwa sababu inauma kumwona mtu amejinyima muda mrefu, kisha anapoteza kila kitu kwa jambo ambalo lilikuwa limeandikwa wazi kwenye jalada.

Tuanzie kwenye sheria, kwa kifupi. Kwa Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania Bara ni ya umma na Rais ndiye mdhamini. Tunachouziana ni haki ya kuitumia, kwa muda ulioandikwa (mara nyingi miaka 33, 66 au 99) na kwa masharti yaliyoandikwa. Zanzibar ina sheria zake na ofisi zake, kwa hiyo haya ninayoeleza usiyapeleke Unguja yakiwa mazima.

Muuzaji anapokutajia bei, wewe muulize ana karatasi gani. Jibu lake ndilo linalokuambia pa kutafutia. Akiwa na hati miliki, unakwenda kwa Msajili wa Hati. Akiwa na barua ya toleo tu (barua ya kugawiwa kiwanja, inayotangulia hati), rejista ya Msajili haitakusaidia sana, maana hati bado haijasajiliwa. Hapo unakwenda idara ya ardhi ya halmashauri na kuomba jalada la kiwanja lipitiwe, ujue kama barua ile ilitolewa kweli, kwa nani, na kama kiwanja hicho hakijagawiwa mtu mwingine baadaye. Leseni ya makazi, ile ya muda kwa nyumba za maeneo yasiyopangwa mijini, nayo inathibitishwa manispaa iliyoitoa. Hati ya hakimiliki ya kimila inathibitishwa masjala ya ardhi ya kijiji na halmashauri ya wilaya. Na kama alichonacho ni mkataba wa mauziano wenye muhuri wa serikali ya mtaa, ujue hakuna rejista ya kuangalia. Nitalirudia hilo mbele kidogo.

Kuhusu hati miliki, ombi la upekuzi ni fomu fupi. Siku hizi huna haja ya kusafiri hadi makao makuu ya wizara, kwa kuwa tangu mwaka 2020 kila mkoa una Ofisi ya Ardhi ya Mkoa. Unajaza maelezo ya kiwanja, unapewa namba ya malipo, unalipia, kisha unasubiri majibu ya maandishi. Beba nakala ya hati na nakala ya kitambulisho cha muuzaji. Muuzaji mkweli atakupa bila kununa. Anayekwambia "nakala nitakupa ukishatoa advansi" ameshakujibu, na mimi hapo huwa nawaambia watu wangu waondoke.

Majibu yakija, usiishie kwenye jina la mmiliki. Linganisha jina hilo na kitambulisho herufi kwa herufi. Angalia umiliki ulianza lini na umebakiza miaka mingapi, kwa sababu hati ya miaka 33 iliyotolewa mwanzoni mwa miaka ya tisini inaelekea ukingoni au imeshaisha. Angalia matumizi: kama ni makazi pekee na wewe unataka kujenga gesti, una kazi ya kuomba kubadili matumizi kwanza. Kisha soma kwa makini sehemu ya rehani na mazuio. Nakumbuka mama mmoja aliyekuwa ananunua nyumba kwa mtu aliyeheshimika mtaani kwao. Hati aliyoonyeshwa ilikuwa safi, ina muhuri, haina hata mkunjo. Majibu ya upekuzi yakasema nyumba imewekwa rehani benki. Sasa benki ikikopesha kwa rehani hukaa na hati halisi mpaka deni liishe. Ile aliyokuwa akiitembeza mzee yule ilitoka wapi? Mama hakutaka hata kuuliza. Alikunja karatasi yake ya majibu, akaiweka kwenye pochi, na hela yake ikabaki yake.

Uliza pia kodi ya pango la ardhi imelipwa hadi mwaka gani. Deni hilo linafuata kiwanja, na kutolipa ni miongoni mwa sababu zinazoweza kufanya milki ibatilishwe.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hata wanunuzi makini hulipita. Upekuzi unakuambia kiwanja namba fulani ni cha nani. Haukuambii kwamba pale uliposimama na dalali ndipo penye kiwanja hicho. Kuna ulaghai wa siku nyingi wa mtu mwenye hati halali kabisa ya kiwanja kilichoko bondeni, ambaye anakupeleka kuonyesha kiwanja kizuri kilichoko barabarani. Hati ukiipeleka kwa Msajili inarudi safi. Jina lake, namba yake, hakuna rehani. Unalipa, unaleta mafundi, na mwenye kiwanja chake anatokea siku unapomwaga zege la msingi.

Dawa yake ni ramani ya upimaji na mpima ardhi aliyesajiliwa, unayemtafuta mwenyewe na si wa kuletewa na dalali. Niliwahi kwenda na mmoja pembezoni mwa jiji, kwa niaba ya dada aliyekuwa anafanya kazi Muscat. Muuzaji alituonyesha kona nne kwa kidole, kwa kujiamini. Mpima akafungua ramani, akasimamisha kifaa chake, akaingia kwenye majani marefu na jembe. Akapalilia, akachimba kidogo, na nondo ikaonekana imezama kwenye zege. Akafuta udongo kwa kidole gumba mpaka herufi na namba zikasomeka. Hazikuwa zile za kwenye ramani yetu. Kiwanja kilichoandikwa kwenye hati kilikuwa mbele zaidi, chini, penye mkondo wa maji ya mvua. Muuzaji akasema amechanganya. Inawezekana alichanganya kweli, lakini pesa ya dada yule isingejua tofauti.

Kila kiwanja kilichopimwa kina bikoni zake, yaani alama za kona kama ile nondo kwenye zege, na namba zake zimo kwenye ramani. Mkiikosa bikoni moja, mpima anaweza kuitafuta kwa vipimo. Mkizikosa zote, simamisha biashara.

Ofisi ya mipango miji nayo usiipite. Omba kuona mchoro wa eneo, ujue kama kiwanja kimeangukia kwenye barabara iliyopangwa, eneo la wazi, au shule ambayo haijajengwa bado. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa au mto, na watu wa Bonde la Msimbazi waliona ubomoaji Desemba 2015. Mwaka 2017 ikawa zamu ya wakazi wa pembeni ya Barabara ya Morogoro, Kimara kwenda Kiluvya, barabara ilipopanuliwa. Ukitaka kiwanja karibu na barabara kuu, nenda TANROADS ukaulize hifadhi ya barabara inaishia wapi.

Kuna mambo ambayo rejista haiyajui kabisa, na hapa inabidi uwe na macho ya mtaani. Mke au mume wa muuzaji: kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenza, hata kama jina kwenye hati ni moja. Ridhaa hiyo itolewe kwa maandishi, na umwone mwenyewe, usiishie kusikia sauti kwenye simu. Mirathi: kama mwenye hati alifariki, mtoto hawezi kuuza kwa kuwa ni mtoto. Anayeweza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na barua yake ya usimamizi unaithibitisha kwenye mahakama ile ile iliyoitoa. Kesi: mgogoro unaweza kuwa unaendelea Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya bila mtu yeyote kuweka zuio kwa Msajili. Nenda kwenye baraza ukaulize. Kisha fungua tovuti ya TanzLII, ambako hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani zinasomwa bure, utafute jina la muuzaji na namba ya kiwanja. Ni kazi ya jioni moja, na nashangaa ni wachache wanaoifanya.

Na majirani. Nenda siku ambayo dalali hayupo, salimia, sema unataka kuhamia, kisha nyamaza usikilize. Bibi anayeuza maandazi kona ile anajua nani na nani wanagombania uzio.

Kwa eneo ambalo halijapimwa, majirani na serikali ya mtaa ndiyo kumbukumbu pekee uliyo nayo. Usiridhike na muhuri wa mwenyekiti. Muulize muuzaji alinunua kwa nani, umtafute huyo, naye umuulize alipata wapi, mpaka ufike kwa mtu aliyefyeka pori au kurithi. Mnyororo ukikatika katikati, simama hapo. Waite majirani wa pande zote, waonyeshe mipaka na wasaini kama mashahidi. Kama urasimishaji umeanza, yaani kupanga na kupima makazi yaliyojengwa bila mpango, dai kuona mchoro uliopendekezwa, kwa sababu nusu ya kiwanja inaweza kuwa imetengwa kwa barabara. Kijijini, ulizia muhtasari wa kikao cha halmashauri ya kijiji na uandishi kwenye daftari la masjala. Maneno ya mwenyekiti peke yake hayatoshi.

Upekuzi ni wa siku uliofanyika. Ukiufanya Machi na kulipa Juni, umemwachia muuzaji miezi ya kutosha kukopa. Ufanye tena siku chache kabla ya kulipa. Mkishasaini mkataba na ukatoa malipo ya awali, mwambie wakili wako akuwekee zuio kwa Msajili ili pasifanyike muamala mwingine wakati mnakamilisha. Malipo yapite benki, kwenye akaunti yenye jina la mwenye hati, na si la "shemeji yake".

Baada ya hapo kuna uthamini, kodi za TRA, na fomu za uhamisho, namba 29, 30 na 35. Watu wengi hulipa, wakapewa hati yenye jina la muuzaji, wakaifungia kabatini miaka na miaka. Muuzaji akifariki, unaanza kuwatafuta warithi wake mikoani. Maliza uhamisho wakati bado mnapokeana simu. Na kama uko Muscat, London au Houston na ndugu yako ndiye aliyekununulia, uhamisho ukikamilika tuma mtu mwingine kabisa aombe upekuzi mpya wa kiwanja hicho, akutumie majibu, usome jina lililoandikwa pale.