Fundi na mkandarasi: mpaka uko wapi?

SWALI: Mimi ni fundi ujenzi hapa Uyole, Mbeya. Kwa miaka mingi nimejenga nyumba za kuishi, mwenye nyumba akinunua vifaa nami nikilipwa ufundi. Sasa mfanyabiashara mmoja anataka nimjengee nyumba ya wageni ya ghorofa moja huko Mafinga, kwa mkataba unaojumuisha vifaa na ufundi. Rafiki yangu mwenye kampuni iliyosajiliwa amekubali nitumie karatasi zake kwa malipo kidogo. Je, inafaa?

JIBU: Haifai, ndugu yetu, na tunakuomba usitie saini kwa namna hiyo. Ulipokuwa ukilipwa ufundi, mwenye nyumba ndiye aliyebeba mradi; lakini utakapopokea fedha za saruji, nondo na vibarua ukaahidi kukabidhi jengo lililokamilika, utakuwa umeingia katika biashara ya ukandarasi, ambayo kwa Sheria ya Usajili wa Makandarasi Na. 17 ya 1997 hairuhusiwi kufanywa na asiyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, yaani CRB. Hata kama uliwahi kujenga madarasa kwa fosi akaunti, hilo halikukufanya mkandarasi, kwa sababu kule taasisi ya umma ndiyo hununua vifaa na kusimamia kazi.

Ama karatasi za rafiki yako, usajili hutolewa kwa kampuni baada ya kupimwa wataalamu wake, vifaa vyake na uwezo wake wa fedha. Ghorofa ikipata ufa, au saidia fundi akianguka kutoka kwenye jukwaa, rafiki yako atawajibika kwa kazi asiyoiona, na wewe utakuwa umefanya kazi usiyokuwa na kibali nayo. Mwenye mali naye atakuwa amelipia usimamizi ambao haupo, na kwetu hilo ndilo baya kuliko yote, kwa kuwa wageni watalala chini ya zege hilo.

Ipo njia ya halali, nayo haikunyimi riziki. Kampuni ya rafiki yako iingie mkataba yenyewe, mtaalamu wake afike eneo la kazi kweli, nawe uajiriwe kuongoza mafundi. Kabla ya hapo hakikisheni kwamba daraja la kampuni linaruhusu thamani ya mradi huo, kwa maana makandarasi wa majengo wamepangwa kuanzia daraja la kwanza hadi la saba, na kila daraja lina ukomo wake. Mwenye mali kwa upande wake anahitaji michoro ya wataalamu waliosajiliwa na kibali cha ujenzi kutoka halmashauri.

Ukitaka kusajiliwa wewe mwenyewe, anza kwa kuandikisha kampuni BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, kisha tafuta mshirika mwenye elimu ya ufundi inayokubalika na Bodi, mkaombe daraja la chini. Wakati huohuo nenda VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ukaulize kuhusu urasimishaji wa ujuzi, ambapo fundi aliyejifunza kazini hupimwa na kupewa cheti. Cheti hicho si usajili wa ukandarasi, lakini fundi wa miaka mingi asiye na karatasi hata moja hulipwa chini ya anachostahili, jambo linalotusikitisha.

SWALI: Nyumba yangu ya vyumba vitatu Kihesa, Iringa, imefikia hatua ya kutandaza nyaya. Fundi aliyejenga anasema na umeme anauweza. Nimwachie?

JIBU: Mwombe kwanza leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, kwani leseni hiyo ndiyo inayomruhusu mtu kufunga mifumo ya umeme, na usome jina na daraja lililoandikwa. Kama hana, tafuta aliye nayo, kwa sababu maombi yako ya kuunganishiwa umeme na TANESCO yatahitaji uthibitisho wa fundi mwenye leseni. Wapo wanaotandaza nyaya wenyewe, kisha wakatafuta mtu wa kugonga mhuri bila kufika kwenye nyumba, usikubali. Aliyegonga mhuri awe ndiye aliyekagua swichi, soketi na waya wa ardhini, nawe ukiwepo.