Kabla hujaitafsiri dharma

Kikundi chetu cha kusoma vitabu vya Kihindu hupata watu wapya kila mwaka, na swali lao la kwanza ni lilelile, kuhusu neno la Kisanskriti lililojaa humo: "Dharma kwa Kiswahili ni nini?" Huwa nawaomba waliweke kando kwanza. Mimi nililijibu haraka, nikaja kulifuta jibu langu mara tatu.

Kosa la kwanza lilikuwa la mdomo. Nikiwa mwaka wa kwanza chuoni nilizoea kupita mtaa wa Kisutu, Dar es Salaam, kwenye mahekalu ya Wahindu, nikazoeana na mzee mmoja wa Kigujarati aliyekuwa akiuza vitambaa. Siku moja nikamwambia kwa majivuno kwamba nasoma "dharma", kwa ile dh yetu ya dhambi na dhamana. Akaweka mkasi chini. "Mwanangu, weka kiganja mbele ya mdomo. Sema d, halafu pumzi ikupige mkononi." Nikajaribu mara nne, wateja wakinitazama. Mara ya tano akasema, "Haya, sasa umeitoa dhambi humo ndani."

Mzee huyohuyo ndiye aliyenifunza kutochanganya Mhindi na Mhindu. Jirani yake wa duka la pili alikuwa Mhindi kama yeye, ila Mwislamu wa Ismailia. Na methali yetu ya Baniani mbaya kiatu chake dawa aliijua vizuri. Aliitumia mwenyewe kila nilipomwomba apunguze bei.

Kosa la pili niliandika kwenye insha: dharma ni dini. Mwalimu akaniuliza, ukiambiwa dharma ya moto ni kuunguza, utasema moto una dini? Nikahamia kwenye "wajibu". Hilo lilinibeba mbali zaidi, lakini nalo halifiki, maana dharma ni sheria pia, ni haki, ni mwenendo unaokupasa kwa nafasi yako na umri wako. Mzizi wake wa Kisanskriti, dhri, una maana ya kushika, kubeba, kutegemeza. Kwa hiyo liache neno kama lilivyo, na kila unapokutana nalo andika pembeni kwa penseli limebeba maana ipi hapo. Fanya hivyo na karma pia. Sisi mtaani tumeshaligeuza kuwa "malipo ni hapahapa duniani", ilhali kwenye Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, mara nyingi ni kitendo tu, kazi unayoifanya.

Jambo la tatu, na hapa ndipo ninapogombana na wageni wengi: msianze na orodha. Zipo, na zinavutia. Patanjali, mwalimu wa kale wa yoga, ana makatazo matano na maagizo matano. Kuna malengo manne ya maisha, dharma, mali, starehe na ukombozi. Kuna hatua nne za umri. Utazikariri kwa jioni moja na usijue chochote. Anza na kisa. Mahabharata, ambayo kwa hesabu ya mapokeo ni beti laki moja, ni utendi wa watu waliokwama, na kukwama kwao ndiko somo lenyewe.

Chukua ukumbi wa dadu. Yudhishthira, mfalme anayesifiwa kwa kushika dharma kuliko wote, anacheza kamari na binamu zake. Anapoteza mali, anapoteza ufalme, anawaweka ndugu zake dau mmoja mmoja, anajiweka mwenyewe, anapotea. Ndipo anaambiwa bado ana mke. Anamweka Draupadi, naye anapotea. Mjumbe anatumwa kumleta. Draupadi hatoki. Anamrudisha mjumbe na swali: kamuulize, alijipoteza yeye kwanza au alinipoteza mimi?

Ukumbi mzima una wazee, walimu na wafalme. Bhishma, mkubwa wao, anasema dharma ni nyembamba mno, hawezi kulijibu swali hilo sawasawa: aliyekwisha kuwa mtumwa hawezi kuweka dau cha mwingine, lakini mke naye inasemwa yuko chini ya mumewe. Anayesimama kusema wazi kwamba Draupadi hakushindwa kihalali ni Vikarna, kijana wa upande wa maadui, naye anazomewa na Karna, shujaa wa upande huohuo. Mimi nilisoma kifungu hiki nikiwa nimekariri maana zote za dharma, na hakuna hata moja iliyonisaidia. Nilikasirika na kitabu wiki nzima.

Ukishakasirika hivyo, fungua Gita, sura 18 zilizo ndani ya utendi huohuo. Usikimbilie mafundisho. Kaa kwanza na mwili wa Arjuna, mmoja wa ndugu za Yudhishthira, pale kati ya majeshi mawili, la kwao na la binamu zao, uwanja wa vita wa Kurukshetra, anapowatambua babu zake na walimu wake ng'ambo ya pili: viungo vinalegea, kinywa kinakauka, nywele zinamsimama, ngozi inawaka, upinde wake Gandiva unateleza mkononi. Kisha anakaa chini kwenye gari lake la vita. Kila atakachosema Krishna, mungu anayemwendeshea gari hilo, baada ya hapo anamwambia mtu aliye katika hali hiyo.

Mstari utakaousikia kila mahali ni wa sura ya pili, ubeti wa 47, kwa kawaida kwa kifupi: fanya kazi, usitazame matunda. Nimewahi kuambiwa hivyo na bosi aliyekuwa na mishahara yangu ya miezi miwili. Ubeti una sehemu nne, wala hauzungumzii mshahara. Unayo mamlaka juu ya kutenda. Juu ya matunda huna. Matunda yasiwe ndiyo sababu yako. Na wala usishikamane na kutotenda. Hiyo ya nne ndiyo huachwa, na ndiyo iliyokuwa ikimhusu Arjuna, maana yeye alitaka kuacha yote aende kuombaomba.

Kuhusu nidhamu nitasema machache, kwa kuwa niliifanyia ujinga. Kabla ya mtihani mmoja nilifunga kula, nikawa nalala kwa muda wa saa nne tu, nikijiona yogi. Nikasinzia juu ya karatasi ya maswali. Sura ya sita ya Gita ilikuwa imeshaonya: yoga si ya anayekula kupita kiasi wala asiyekula kabisa, si ya anayelala mno wala anayekesha. Sura ya tatu ni kali zaidi: anayezuia viungo huku moyoni akiviwaza vile vitamu ni mnafiki. Arjuna mwenyewe analalamika kwamba akili ni ngumu kushika kama upepo. Krishna habishi. Anasema inashikika, kwa mazoezi na kwa kuachilia.

Lakini kabla hujaisifu nidhamu darasani, soma kisa cha Ekalavya. Kijana wa Kinishada, watu wa msituni, anakataliwa na mwalimu Drona kwa asili yake. Anafinyanga sanamu ya udongo ya mwalimu huyo, anajifunza upinde mbele yake peke yake hadi anampita Arjuna. Drona anakuja kudai ada: kidole gumba cha kulia. Kijana anakikata bila kusita.

Usiruke hapo. Gita inasema ni heri dharma yako mwenyewe, hata ukiifanya kwa kasoro, kuliko ya mwingine iliyofanywa vizuri. Maneno hayo yamewapa watu ujasiri, na yametumika pia kumwambia mfagiaji abaki mfagiaji. Ambedkar, aliyezaliwa katika tabaka la wasioguswa, aliongoza uchomaji wa Manusmriti, kitabu cha kale cha sheria za Kihindu, mjini Mahad tarehe 25 Desemba 1927. Gandhi aliisoma Gita akiwa London mwaka 1889, akaifanya mwongozo wake wa kutodhuru. Aliyemuua mwaka 1948 alimtaja Arjuna alipojitetea mahakamani. Wasomeni hao wote pamoja, hata kama mtajikuta mnapigana mezani.

Na mkifika sura ya 18, ubeti wa 63, piga mstari. Baada ya mafundisho yote hayo, Krishna anamwambia Arjuna: lipime hili lote bila kubakiza, kisha ufanye utakavyo.

Kikao cha kwanza cha wageni sisi hukitumia kwa swali la Draupadi peke yake. Mwaka huu kaka mmoja anayesoma sheria alitoa jibu safi: aliyejipoteza hana tena mali, hivyo dau halikuwa halali, kesi imekwisha. Wengi wakatikisa vichwa kukubali. Dada mmoja aliyekuwa kimya tangu jioni akamgeukia: "Sawa, kaka. Na angekuwa hajajipoteza bado?" Mlinzi alikuja kutufungia saa nne usiku.