Unapoanza kitalu cha paina, anza na udongo na mizizi

Ndugu zangu mnaoanzisha vitalu vya paina huku Mufindi na Njombe, wateja watawasifia miche mirefu. Msiwafuate. Mche wa sentimita 20 wenye mizizi iliyonyooka ni bora kuliko wa sentimita 40 wenye mizizi iliyojisokota ndani ya kiriba (kimfuko cha plastiki cha kukuzia mche).

Kabla ya mbegu, tafuta udongo. Ingia kwenye shamba la paina lililokomaa (omba ruhusa kwa mwenyewe), ondoa majani makavu juu, uchote ule udongo mweusi wenye nyuzinyuzi nyeupe. Hizo ni kuvu rafiki wa mizizi ya paina, huisaidia kufyonza maji na fosforasi. Paina tunayoipanda zaidi, Pinus patula, asili yake ni Meksiko, na kuvu hao hawapo kwenye udongo usiowahi kuwa na paina. Usipouchanganya kwenye viriba, miche itaota vizuri, kisha itadumaa na kuwa njano, na mbolea ya dukani haitaiponya.

Mbegu nunua mahali panapojulikana chanzo chake, kwa mfano TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania). Kilo moja ina mbegu zaidi ya laki moja, kwa hiyo anayeanza anatosheka na gramu chache. Loweka usiku kucha, sia kwenye mchanga msafi, funika kidogo tu.

Zikishaota, adui mkubwa ni kinyausi, ugonjwa unaoozesha miche michanga. Utaona shina limekuwa jembamba na jeusi usawa wa udongo, mche umelala, na kesho yake wa jirani nao umelala. Ukiona hivyo, punguza maji na kivuli, mwagilia asubuhi tu, na usisie kwa kubanana.

Kuhamishia kwenye viriba kunataka mkono mwepesi. Hamisha mche ungali mdogo kama njiti ya kiberiti, ganda la mbegu likiwa bado kichwani. Shika majani, usishike shina. Toboa shimo refu kuliko mzizi, ushushe mche, kisha uuvute juu kidogo ili mzizi unyooke. Mzizi uliokunjwa leo hutauona, lakini miaka baadaye mti unaangushwa na upepo, na mwenye shamba hajui kosa lilifanyika kitaluni.

Mizizi ikitoboa kiriba, ikate. Mwezi wa mwisho kitaluni ondoa kivuli na upunguze maji ili miche ikomae. Mvua za Desemba zikishashika vizuri, peleka shambani, na mwambie mteja achane kiriba chote kabla ya kufukia.